Dada wa Kazi, Geti na Mkataba Na. 189

Tarehe 16 Juni 2011, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 189 wa kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Kwa miaka mingi vyama vya wafanyakazi nchini Tanzania vimeitaka Serikali iufikishe bungeni, maana Ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kuridhia mikataba.

Wanaosita wana hoja. Mwalimu wa Mbagala anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala hamweki dada wa kazi kwa ufahari. Mwongezee gharama, atamrudisha binti kwao na mtoto atashinda kwa jirani. Halafu wanauliza: mikataba tuliyoridhia imetusaidia nini? Mkataba Na. 138 wa umri wa kuajiriwa tuliuridhia mwaka 1998, na sheria ya ajira ya 2004 inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Lakini piga hodi Sinza au Kimara, binti mdogo akufungulie geti, uambiwe: "Huyu mtoto wa shangazi, tunamsomesha." (Shule gani, usiulize.)

Hoja hiyo ya pili ndiyo iliyonihamisha upande, nikataka turidhie. Kweli, mkataba hauruki ukuta. Ila nchi ikisharidhia, inawajibika kupeleka ILO taarifa za utekelezaji, na wataalamu wa huko huuliza maswali kwa maandishi. Bila hivyo, la ndani ya geti linabaki la familia.

Maswali yenyewe yapo. Amri ya Mishahara ya 2022 ilimwekea dada wa kazi wa kawaida asiyelala kwa mwajiri kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi. Anayelala hapohapo alipangiwa 60,000. Mkataba Na. 189 unakubali malipo ya vitu, kama chakula na malazi, yawe sehemu ndogo tu ya ujira. Nusu nzima ni ndogo? Mwalimu wetu atasema ugali na umeme vina bei, na hakosei. Lakini malazi yenyewe mara nyingi ni godoro la sebuleni, linalotandikwa wenye nyumba wakishazima televisheni. Na mtoto akilia saa nane usiku, anayeamshwa ni huyohuyo wa 60,000. Mwenzake wa 120,000 yuko kwake, amelala.