Kinyozi wa Omaha

Jumamosi iliyopita kinyozi wangu wa Mwananyamala aliniambia angegombea ubunge kama si habari ya kadi ya chama. Hataki kadi, ya kijani wala ya rangi nyingine. Nikamwambia basi umekwama, Katiba yetu inataka mgombea adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mgombea binafsi mahakamani miaka nenda rudi, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikampa ushindi Juni 2013. Kanuni iko palepale.

Mashine ikiwa bado inanguruma kisogoni, nikamsimulia habari za kinyozi mwenzake, Ernie Chambers.

Chambers alizaliwa Omaha, jimbo la Nebraska, mwaka 1937, mwaka uleule Bunge la jimbo hilo lilipoanza kukaa kama chumba kimoja. Hakuna jimbo lingine Marekani lenye bunge la namna hiyo, na karatasi ya kura ya kuchagua wabunge wake, wanaoitwa maseneta, haitaji chama. Alikuwa akinyoa watu Omaha ya kaskazini, mitaa ya Weusi, walipomchagua mwaka 1970. Akakaa bungeni kuanzia 1971 hadi 2009, akarudi 2013 hadi 2021. Jumla miaka 46, rekodi ya Nebraska, na kwa muda mrefu akiwa Mweusi pekee mle ndani. Pengo la katikati lilitokana na ukomo wa vipindi uliopitishwa na wapiga kura mwaka 2000. Wengi huko wanaamini ulitungwa kumtoa yeye.

Watu husifu ulimi wake. Mimi naona siri ilikuwa kwenye kitabu cha kanuni. Vikao vya Nebraska vina siku za kuhesabu: 90 mwaka mmoja, 60 mwaka unaofuata. Kumnyamazisha msemaji anayevuta muda kunahitaji kura 33 kati ya 49. Chambers, kavaa fulana na jinzi kati ya watu wa suti, alikuwa akirundika marekebisho juu ya muswada mpaka wenye muswada wanamfuata wenyewe kuomba yaishe. Ningekuwa seneta wa upande wa pili ningemchukia, maana miswada mingi ilikufa hivyo, na si yote ilikuwa mibaya.

Lakini alijua pia kupitisha mambo. Mwaka 1980, wakati wakimbizi wa ANC wakisoma Mazimbu kule Morogoro, bunge lake lilipitisha azimio lake la kuondoa fedha za umma kwenye kampuni zilizofanya biashara na makaburu. Viboko shuleni navyo vilipigwa marufuku mwaka 1988 kwa juhudi zake.

Adhabu ya kifo ndiyo iliyomtesa. Mwaka 1979 bunge lilikubali kuifuta, gavana akakataa kusaini. Chambers akaendelea kurudi na hoja ileile, mwaka baada ya mwaka. Mei 2015 ikapita tena. Gavana Pete Ricketts akaikataa, na maseneta wakamshinda kwa kura 30 kwa 19, kura zilezile 30 zilizohitajika, bila hata moja ya akiba. Wengi wa wahafidhina waliomuunga mkono wasingethubutu kama kungekuwa na mnadhimu wa chama wa kuwatia adabu. Nasema hivi kwa kuyajua ya Dodoma. Kisha Ricketts na baba yake wakatoa fedha zao kuchangia kura ya maoni, na Novemba 2016 wananchi wakairudisha adhabu kwa karibu asilimia 61. Miaka 36 ya kuwashawishi wenzake, na hakuwa na mtandao wa chama wa kumpeleka vijijini, mbali na Omaha, kuwashawishi wengine. Hilo wanaosifia mgombea binafsi huwa hawalitaji.

Kinyozi wangu alichopenda zaidi ni kesi ya 2007. Chambers alimshtaki Mungu, kuonyesha kwamba mlango wa mahakama haufungwi kwa mtu yeyote. Jaji akaitupa kwa kuwa mshtakiwa hana anwani ya kupelekewa hati. Chambers akajibu kwamba Mungu anajua yote, basi na kesi anayo habari.

Alicheka mpaka akazima mashine. Alipoiwasha akauliza mshahara. Nikamwambia dola 12,000.

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwaka."

Akanigeuza kichwa, akaendelea na upande wa kushoto.