Hilo jina halina kosa

Juzi jioni dogo wa jirani hapa Ngarenaro, Arusha, alikuja na laptop, uso umemkunjamana. Ana mwezi mmoja tu tangu aanze kujifunza Java, lugha ya kuandikia programu, na mama yake, ambaye ni katibu wa kikoba, amemwomba programu ya kuandikisha wanachama. "Kaka, inakubali kila kitu. Nimeandika Juma7, inasema jina ni sahihi."

Lupu yake, yaani sehemu ya programu inayojirudia, ilipita kwenye jina alama moja moja, na ikikuta herufi inarudisha true (ndiyo, ni sahihi) palepale. J peke yake ilitosha, ile 7 haikufikiwa. Tukageuza: ikikuta kisicho herufi irudishe false (hapana), na true ikae nje, lupu ikishaisha. Halafu, ili kutambua herufi, alikuwa ameandika sharti la chochote kati ya A kubwa na z ndogo: c >= 'A' && c <= 'z'. Kompyuta huipa kila herufi namba: Z kubwa ni 90, a ndogo ni 97, na katikati kuna alama sita, mabano ya mraba yakiwemo, zote zikipita kama herufi. Tukaweka Character.isLetter, amri ya Java inayokagua kama kitu ni herufi. Tukafurahi.

Mama akaja na daftari lake, akaanza kuingiza majina. Kufika kwa mhazini, Ng'wandu, programu ikamjibu: "Jina si sahihi." Akatazama daftari, akatazama skrini, akafuta ile alama ya juu baada ya Ng, ambayo isLetter haiihesabu kuwa herufi, akaandika Ngwandu. Ikakubali. Akaendelea na jina linalofuata.

Roho iliniuma. Mama wa watu hakubisha hata kidogo, maana ameshazoea. Ndugu zangu, ng' ni sauti kamili. Mtoto wa darasa la kwanza anafundishwa kuitofautisha na ng. Hapo juu, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kuna kijiji kinaitwa Ng'iresi. Kisome bila ile alama, utakuwa umetaja mahali pasipokuwepo. Dada yangu ana cheti chenye ng' na kitambulisho kisicho nayo, kwa sababu mfumo wa ofisi fulani uliikataa. Ikabidi aende kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ni yeye. Nauli yake, ada yake, siku yake ya kazi. Yote hayo kwa sababu mtu fulani aliandika sharti la mstari mmoja na hakulijaribu kwa majina ya watu atakaowahudumia.

Ukaguzi unahitajika, sawa. Bila huo mtu ataweka namba ya simu kwenye nafasi ya jina. Lakini unayejifunza leo, orodha yako ya majaribio isiwe na John na Mary tu. Weka Ng'wandu. Weka jina la Kimaasai lenye Ole mbele, uone isLetter inavyokataa nafasi, na Scanner, ambayo Java huitumia kusoma kinachoandikwa, ukiiachia next() inavyochukua Ole na kuliacha jina lenyewe nje; tumia nextLine(), inayosoma mstari mzima.

Tuliifungua programu yake upya usiku uleule. Tukaruhusu nafasi, na ile alama, ambayo ndani ya Java huandikwa '\''. Dogo akajaribu tena, akabandika jina alilotumiwa kwenye simu. Likakataliwa! Simu ilikuwa imeweka alama iliyopinda, namba 8217, wakati ya kibodi yake ni 39. Tukaziruhusu zote mbili.

Mama alikuwa ameshalala. Asubuhi dogo alimwita, wakarudi kwenye jina la mhazini, na mama akaliandika jina lile kama lilivyo kwenye daftari.