Tupeni sehemu ya mto, si lita za kwenye karatasi

Ankara ya ada ya maji imefika kwenye kamati ya mfereji wetu, imekokotolewa kwa lita kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kibali chetu cha kutumia maji ya mto. Imetukuta mahindi ya walio mwisho wa mfereji yamekauka kabla ya kubeba, kwa sababu mto haukuleta hata nusu ya lita hizo. Tutalipa. Ila vibali hivi vina kasoro iliyonikaa kooni muda mrefu, na leo naisema.

Kibali kinataja ujazo mmoja kwa mto unaobadilika kila mwezi. Mito yetu inayoshuka Kilimanjaro hubomoa mabanio, yaani vizuizi vinavyoelekeza maji mferejini, wakati wa masika, na ikifika Oktoba unavuka bila kulowesha magoti. Tuseme wa juu ana kibali cha lita 100 kwa sekunde. Mwezi wa nne anachukua lita 100 na hakuna anayeona pengo. Mwezi wa kumi mto una lita 120, naye anachukua zilezile 100. Hajavunja kitu. Walio chini yake nao wana vibali vyenye mihuri, na wanagawana lita 20 zilizobaki. Hapo ndipo majembe yanapoinuliwa.

Najua sheria inaruhusu bodi ya maji ya bonde la mto kupunguza matumizi wakati wa ukame. Lakini kiangazi kinakuja kila mwaka; hakipaswi kusubiri mtu atangaze ukame ofisini, tena kwenye mabanio mengi ambayo hayana hata kipimo.

Waliochimba mifongo, mifereji ya asili ya Uchagani, na ndiva, mabwawa madogo ya Upare, waligawana kwa zamu. Ulipewa saa zako, na kilichopita mferejini katika saa hizo ndicho chako. Mto ukipungua, unapungua kwa wote. Asiyefika msaragambo wa kuzibua mfereji alijua zamu yake iko mashakani. Banio lenyewe lilikuwa mawe, matawi na migomba, lilivuja mchana na usiku, na maji yale yaliyovuja ndiyo yaliyomfikia jirani wa chini. Tukaja tukajenga mabanio ya zege yenye geti la chuma, tukayaita maboresho. Kwa anayelima pale ni maboresho kweli, maana hajengi upya kila baada ya mafuriko. Lakini zege halivuji. Geti likifunguliwa lote Oktoba, mto mzima unaweza kuingia mfereji mmoja. Bonde la Usangu, Mbeya, waliona hilo, na mto Ruaha Mkuu ukaanza kukauka kiangazi miaka ya 1990.

Hapa kwetu somo ni skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini. Skimu ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ikitegemea mto Rau na chemchemi za Njoro. Mpunga ukazaa vizuri mno, na wakulima wa juu ya skimu wakaona faida, wakafungua majaruba yao kwa maji yaleyale. Eneo la mpunga ndani ya skimu likasinyaa. Watu huwalaumu wale wa juu. Mimi siwalaumu, mkulima aliyeona jirani anavuna magunia atalima mpunga. Nalaumu mpango uliotegemea maji ya mto bila kukubaliana na kila mfereji ulio juu yake.

Huko Colorado, Marekani, wakulima wengi humiliki mfereji kwa kampuni yao wenyewe, na hisa ya mtu ni sehemu ya maji yaliyoingia mferejini, yawe mengi au machache. Hilo nalitaka. Kati ya mfereji na mfereji, wao hufuata aliyetangulia kuchukua maji, na hilo silitaki hata kidogo. Lingewapa mto mzima walio na karatasi za zamani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba vibali vina kazi. Mfongo usio na kibali hauna pa kusimama ukigombana na shamba kubwa. Na bila rejista, bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya umeme ya Hale huko chini isingejua itegemee nini.

Basi kibali kibaki, kiandikwe upya. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 imeshaweka mpangilio: kwanza maji ya majumbani, kisha ya mto wenyewe, halafu ndiyo sisi wengine. Yatengwe hayo mawili, na yanayobaki yagawanywe kwa sehemu: mfereji huu theluthi, ule robo. Badala ya geti la kufungua na kufunga, ujengwe ukuta wa kugawa wenye milango ya upana tofauti, ili mto ukishuka kila mmoja apungukiwe kwa uwiano bila mtu kugusa chochote. Wajane na mabinti wanaolima peke yao watanielewa haraka. Wao ndio hupangiwa zamu ya saa nane usiku, na wao ndio hukuta geti la juu limeshafunguliwa na wanaume waliotangulia.

Ndani ya mfereji, zamu ibaki mikononi mwa kamati, na kamati ipewe nguvu ya kutoza faini inayotambuliwa na mahakama ya mwanzo. Na ada ikokotolewe kwa maji yaliyopita kwenye banio. Pa kuanzia papo: mto Rau, kabla ya Septemba ijayo, na wenyeviti wa mifereji ya juu na ya chini wakiwa kwenye kikao kimoja.