Kanda za Tancut na hesabu ya miaka 48

Nenda Mwanjelwa hapa Mbeya, kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi, uombe zilipendwa. Kijana atakufungulia folda yenye nusu ya historia ya muziki wa dansi wa nchi hii. Majina ya nyimbo yamekosewa, bendi zimepokonyana watunzi, na kila wimbo usiojulikana mwenyewe umepewa Mbaraka Mwinshehe. Katikati ya vurugu hiyo zimo rekodi ambazo hazikuwahi kuuzwa dukani, si kwa santuri wala kwa kaseti. Zilirekodiwa studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikarushwa hewani, na mtu fulani Iringa, Makambako au Tukuyu akazinasa kwa redio kaseti yake sebuleni. Miaka mingi baadaye watoto wake walimpa kaseti hizo mkusanyaji, naye akazisafisha kwenye kompyuta, akamgawia rafiki, rafiki akamgawia mwingine, mpaka zikafika Mwanjelwa. Unalipa, unachomoa flashi yako, unaondoka. Aliyepiga gita hapati kitu.

Kwa sababu hiyo wakusanyaji wa kanda za zamani wanaitwa wezi. Anayewaita hivyo mara nyingi ana haki ya kukasirika: ni mjane, au mtoto wa mwanamuziki aliyeifurahisha nchi nzima akafa hana hata kiwanja. Hasira hiyo siibezi. Nadhani tu imemwangukia asiyestahili.

Hoja ya familia ina msingi wa kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kifo chake inawalinda warithi kwa miaka 50. Mwenye kanda si mwenye wimbo, hata kama aliitunza kanda hiyo chini ya kitanda kwa miaka arobaini. Juu ya sheria kuna kumbukumbu chungu: kila chombo kipya kilichoingia nchini, kuanzia deki za kunakili kaseti hadi flashi, kilianza kwa kumpunja mwanamuziki. Mtu wa aina hiyo ukimwambia unaokoa urithi wa taifa, atakuuliza mbona urithi huo unaokolewa kila siku na yeye yuko palepale.

Hoja ya pili tumeiazima kwa mashabiki wa roki. Inasema kazi ambayo msanii hakuitoa iheshimiwe kwa kuachwa ilipo. Mfano unaotajwa sana ni wa The Beatles. John Lennon alijirekodi wimbo nyumbani kwa kaseti mwishoni mwa miaka ya 1970, sauti na piano vikiwa vimeshikana. Mwaka 1995 wenzake watatu walijaribu kuumalizia wimbo huo wakauacha, na George Harrison hakuficha kwamba haumpendezi. Harrison alifariki 2001. Novemba 2023 wimbo ukatoka kwa jina la Now and Then, baada ya timu ya mwongozaji filamu Peter Jackson kupata programu ya kuitenga sauti ya Lennon na piano yake. Ukiwa mkali utasema mtu alikataa akiwa hai, wakasubiri afe.

Kwa The Beatles hoja hiyo naielewa. Walikuwa na studio, kampuni na viwanda vya santuri vikiwasubiri, kwa hiyo wimbo wao ukibaki kabatini kuna mtu aliamua ubaki. Huku kwetu nani aliamua? Chukua Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha umma cha kukata almasi pale Iringa, iliyovuma miaka ya 1980 ikiwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa kwenye uimbaji na John Kitime kwenye gita. Bendi kama hiyo ilikwenda Dar es Salaam, ikarekodi redioni nyimbo kadhaa kwa mkupuo, ikarudi Iringa kupiga dansi. Nyimbo zikasikika Mtwara mpaka Kigoma. Hakuna aliyesema zifichwe. Kilichokosekana ni kiwanda. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi, na santuri zetu zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983. Ulipofunguliwa, fedha za kigeni zilikuwa adimu na kaseti za kunakili zilikuwa zimeshaanza kuiua biashara yenyewe ya santuri. Wimbo haukutoka kwa sababu ya dola na forodha. Kuuita ukimya huo uamuzi wa msanii ni kumsingizia.

Zaidi ya hapo, rekodi ya redio mara nyingi ndiyo nzuri. Wapenzi wa dansi wanajua wimbo una sehemu mbili, ile ya kuimba taratibu na ile ya chemko, ambapo magita yanaachiwa na watu wanasimama. Santuri ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati, ukageuza sahani, ukaendelea na nusu ya pili baada ya joto kushuka. Redioni wimbo ulikwenda mpaka mwisho. Anayetaka kusikia jinsi mpiga solo alivyoingia kwenye chemko bila kukatizwa hana pa kwenda ila kwenye rili za redio, yaani ile mikanda mikubwa ya studio, au kwenye kaseti ya aliyekuwa akisikiliza jioni ile.

Hapo utaambiwa: rili si zipo, shirika la utangazaji limerithi maktaba ya Redio Tanzania, ya nini kuhangaika na kaseti za mitaani? Ndiyo, zipo. Takwimu inayotajwa mara nyingi kuhusu maktaba hiyo ni zaidi ya saa 100,000 za kanda. Watu huitaja kwa fahari kisha wakahamia mada nyingine. Mimi naomba tukae nayo kidogo.

Kanda haikimbizwi kama faili. Ili uihamishe vizuri lazima uipige kwa mwendo wake, saa moja kwa saa moja, na mtu mwenye masikio ameketi pembeni. Weka mashine moja nzima, fundi mmoja, saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki zote 52 bila likizo wala mgawo wa umeme. Kwa mwaka unapata saa 2,080. Gawanya. Ni miaka 48. Mtoto anayezaliwa leo Hospitali ya Rufaa Mbeya atakuwa na wajukuu. Tuseme takwimu ilitiwa chumvi na ukweli ni nusu yake: miaka 24. Tuseme tunaacha hotuba, michezo ya redio na salamu, tunachukua muziki peke yake, na kazi yoyote iliyokwisha kufanyika tunaipunguza: bado ni miaka. Mahali pa kuhifadhia si tatizo. Saa moja ya sauti ya hali ya juu inakula gigabaiti 2 hivi, kwa hiyo saa zote 100,000 zinaenea kwenye diski kumi za terabaiti 20, mzigo unaobebeka kwenye begi la mgongoni. Kilichoadimika ni saa za mashine. Chama cha kimataifa cha maktaba za sauti, IASA, pamoja na UNESCO waliutaja mwaka 2025 kuwa ukingo ambao baada yake kuzipiga kanda za sumaku kutazidi kuwa kugumu, kwa kuwa mashine zimekufa, vipuri havitengenezwi na mafundi wanastaafu. Mwaka huo umefika. Katika hali hiyo, kaseti iliyoko mtaa wa Mlandege, Iringa, ni nakala ya pili ya kitu ambacho nakala yake ya kwanza inasubiri foleni ya miongo.

Wanaodhani mkusanyaji kazi yake ni kubonyeza kitufe hawajawahi kukaa na fundi anayeijua kazi. Kaseti iliyokaa kabatini Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, huja na ukungu mweupe pembeni mwa mkanda. Ya namna hiyo haipigwi, maana ukungu utahamia kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kuchafua kaseti zinazofuata. Inafunguliwa skrubu zake tano, mkanda unasafishwa taratibu, unahamishiwa kwenye ganda jipya, kwa sababu kile kijisponji kinachoukandamiza mkanda kwenye hedi kimeshabanduka siku nyingi. Ndipo inakuja hatua ambayo kompyuta haiwezi kuikomboa ukiikosea. Kando ya hedi kuna skrubu ndogo. Fundi anaizungusha kwa bisibisi huku amevaa hedfoni, robo ya robo ya mzunguko, mpaka hedi ikae sawasawa na jinsi ile redio ya mwaka ule ilivyokaa. Ghafla matoazi yanafunguka, maraka zinasikika, na unagundua kumbe kulikuwa na gita la tatu.

Bado kuna mwendo. Redio za kijijini zilitumia betri, na betri zikikaribia kuisha mkanda huenda polepole wakati wa kunasa. Ukiupiga leo kwa mwendo wa kawaida, mwimbaji mtu mzima anatoka na sauti ya mtoto. Fundi mzuri anarekebisha kwa kumsikiliza mtangazaji anayejulikana sauti yake kabla wimbo haujaanza. Ndiyo maana nawalaumu wanaokata maneno ya mtangazaji eti yanaharibu wimbo. Maneno yale ndiyo hati ya wimbo: bendi gani, nani katunga, mara nyingine hata nani kaimba. Folda ya Mwanjelwa imechafuka kwa sababu kuna aliyeona hati hizo ni takataka.

Kuna na ugonjwa wa kusafisha kupita kiasi. Programu za siku hizi, nyingine zikitumia akili mnemba, zinaondoa mvumo wote mpaka gita la rithimu linalia kama liko ndani ya ndoo. Wakosoaji wa wakusanyaji wana haki kabisa hapa, na mimi niko nao. Kinga yake ni rahisi: nakala ghafi isiguswe, ihifadhiwe na mvumo wake na mawimbi yake ya masafa mafupi yanayopanda na kushuka. Atakayekuja na chombo bora mwaka 2050 aanzie hapo, asianzie kwenye makosa yetu.

Kuhusu kama ukusanyaji unamfaidi mwanamuziki, sisi wa Mbeya tuna mfano jirani. Vuka Tunduma. Miaka ya 1970, Zambia ya Kaunda, ambaye aliamuru asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa nyumbani, ilikuwa na bendi za roki kali, na WITCH ya Emmanuel Chanda, Jagari, ikiwa mbele. Bei ya shaba ikaanguka, uchumi ukaanguka nayo, baadaye UKIMWI ukawachukua wengi wa kizazi kile. Chanda akaenda kuchimba vito. Santuri zake zikaendelea kutafutwa na wakusanyaji wa nje, watu ambao hawakuwahi kukanyaga Kitwe. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazitoa upya kama mkusanyiko, Chanda akarudi jukwaani, akazunguka Ulaya, na 2023 WITCH ikatoa albamu mpya, Zango. Wenzake wengi hawakuishi kuyaona hayo, na hilo linauma. Lakini bila wale waliozithamini santuri hizo zilipokuwa hazina bei, hakuna ambaye angejua amtafute mchimbaji yule.

Kwa hiyo nazitenganisha kazi tatu ambazo mjadala huu unazichanganya. Kuokoa ni kuitoa sauti kwenye mkanda kabla haijafa. Kusafisha ni kuifanya isikilizike. Kutoa ni kuuza au kusambaza. Mbili za mwanzo sioni kwa nini zisubiri saini ya mtu: zikisubiri, warithi watakuja kupewa haki ya kanda isiyosikika tena. Ya tatu haina mjadala, ni ya wenye wimbo, na mkusanyaji anayeuza bila kuwatafuta amejivua mwenyewe utetezi wangu wote. Vivyo hivyo mchoyo anayekaa na kaseti mia tatu asimsikilizishe mtu, na yule anayepachika jina lake katikati ya wimbo kama vile yeye ndiye aliyetunga.

Familia nazo zina la kudai kubwa kuliko kumfukuza mkusanyaji. Zidai nakala. Kila rekodi ya mzee wao ikishahamishwa, faili ghafi na iliyosafishwa ziende kwao bure, pamoja na karatasi inayosema ilitoka kaseti gani na mtangazaji alimtaja nani. Akijitokeza mtu wa kutengeneza tangazo au mkusanyiko wa kuuza, wana ushahidi mkononi wa kwenda nao COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wengi hivi sasa wanapigania nyimbo ambazo wao wenyewe hawana hata moja.

Kwa Iringa mahali papo. Boma, lile jengo la enzi ya Wajerumani, ni makumbusho ya mkoa tangu 2016, na historia ya Tancut ni ya mji huo kama ilivyo ya Mkwawa. Chumba kimoja kingetosha, deki mbili nzuri za kaseti, mashine moja ya rili, na siku moja kwa wiki ya watu kuleta walichonacho, wakakaa kusubiri, wakaondoka na kaseti yao mkononi. Deki ndiyo itakayosumbua. Fundi ninayemfahamu hapa Mbeya huchomoa mipira ya kuzungushia kwenye deki mbovu ili ziponye zile zinazofanya kazi, na deki mbovu zenyewe siku hizi anazinunua kwa kilo kwa wauza chuma chakavu.