Simba Wanane, Kalibu Moja

Alfajiri simu ikalia. "Fundi, simba wangu wametoroka." Simba wa zege, wale tunaowatengeneza wakae juu ya nguzo za geti, kilo 60 na ushei kila mmoja! Tukadhani mama wa watu ana homa. Kabla hajakata, akapiga mzee mstaafu wa mtaa huohuo wa Bustani Njema: nguzo za geti lake zimebaki tupu.

Tuliwakuta uwanja wa mpira. Wawili golini, sita wamepanga ukuta wakisubiri faulo. Korongo wa bustani ya mchungaji amesimamishwa pembeni, kafungwa kitambaa mdomoni, mshika kibendera. Na wahuni wale walikuwa wamewapaka simba wote chokaa, mnyama hajulikani wa nani. Watu walicheka sana, isipokuwa wenye mageti manne.

Wala hawakuhitaji nguvu za Samsoni. Simba huyu ana kimo cha nusu mita, na tumbo lake ni tupu: mchanga ndoo 3 kwa saruji ndoo 1, tunaukandika ndani ya kalibu, chombo kinachompa umbo, unene wa sentimita 3, katikati wavu wa kuku, miguuni nondo za milimita 6. Watu wawili wanambeba. Kinachomzuia juu ya nguzo ni nondo ya milimita 12, sentimita 15 ndani ya nguzo na 15 ndani ya simba, tundu likajazwa uji mzito wa saruji. Hiyo ndiyo wateja huifuta kwanza kwenye hesabu. "Simba mwenyewe mzito hivi, ataenda wapi?" Basi anabandikwa kwa saruji tu, tena juu ya nguzo iliyokwisha kupakwa rangi ya mafuta. Saruji haishiki juu ya rangi. Ukimsukuma bega, anabanduka kama kitumbua kilichoiva. Twiga wa nyumba ya kona, aliyelipiwa nondo mbili, alipoteza sikio tu.

Kasheshe ikawa kugawana. Wote wametoka kalibu moja yenye ufa, kwa hiyo kila simba ana kovu chini ya sikio la kushoto. Mama akaapa anamjua wake kwa macho. Mwenzake naye akamjua huyohuyo.

Mjumbe akatuita. Tukasema wapinduliwe, maana chini hakupakwi rangi, na huko ndiko mchanga unakosema ukweli. Saba walikuwa wa mchanga wa mto, kijivu safi. Wa nane ana ukungu mweupe wa chumvi, na mguu wa mbele umepasuka: mchanga wa ufukweni hauna subira na chuma, nondo inashika kutu, inavimba, inalipua zege kutoka ndani.

"Huyu ni wa nani?"

Kimya.

Mzee mstaafu, ambaye simba wake wa kushoto alipovunjika alituletea mchanga wake mwenyewe "ili tusipoteze hela", alikuwa anaangalia mawingu.

"Mzee shikamoo, huyu si wako?"

"Marahaba. Wangu ni huyu mmoja. Nguzo ya kushoto haijawahi kuwa na simba."

Tukaenda kuitazama. Juu yake kulikuwa na mabaka manne ya saruji, ukubwa wa nyayo. Mzee akasema ni mjusi.

Mjumbe akafungua daftari, akaandika: "Simba 1, mgonjwa, mwenyewe hajulikani. Atakaa ofisini."