Ndigana: Tone la Damu Kabla ya Sindano

Ng'ombe akishikwa na homa huko Molo au Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, Kenya, wengi huhofia ndigana, magonjwa yanayoletwa na kupe. Simu ya kwanza huenda kwa agroveti, duka la dawa za mifugo, na mara nyingi jibu ni chupa ya oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Ukitaja kupima kwanza, unaonekana mtu wa vitabu.

Wanaokataa kupima wana hoja nzito. Ndigana kali (East Coast fever) humuua ng'ombe wa gredi katika wiki mbili au tatu, na buparvakuoni, dawa yake, husaidia ikiwahi. Povu likishatoka puani, muda umekwisha. Maabara ya uchunguzi wa mifugo iko Nakuru mjini, na mvua ikinyesha barabara za juu kule hazipitiki. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kungoja karatasi ya majibu.

Lakini nani alisema angoje? Wanaodai vipimo wanaomba dakika chache tu kabla ya dawa: majimaji kidogo kutoka kwenye tezi iliyovimba chini ya sikio, tone la damu kutoka ncha ya sikio, vipakwe kwenye vioo vya hadubini, vikauke. Kisha tibu. Dawa ikitangulia, vimelea hupungua kwenye damu, na baadaye hata mwenye hadubini nzuri hana la kukueleza.

Na kuna la kueleza. Ndigana kali na ndigana baridi (anaplasmosis) zimeshirikiana jina tu. Ya kwanza hushambulia chembe nyeupe za damu, ya pili chembe nyekundu. Buparvakuoni haitibu ndigana baridi. Oksitetrasaiklini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kushika. Ukikosea, umelipia dawa, umemwaga maziwa ya siku kadhaa yenye dawa, na ng'ombe bado anaumwa.

Kinachonisumbua zaidi ni wale waliobaki zizini. Ndigana kali huletwa na kupe wa masikio, ambaye huhitaji siku tatu au nne akinyonya kabla ya kuambukiza. Ndiyo maana watu hupulizia dawa mara mbili kwa wiki. Ndigana baridi huletwa hasa na kupe wa buluu, anayekaa kwa mnyama mmoja kama wiki tatu, kwa hiyo ratiba yake ni nyingine. Tena hii ya pili husafiri pia kwa sindano. Anayezungusha sindano moja zizi zima "kwa tahadhari", bila kujua anatibu nini, anaweza kuwa ndiye anayeusambaza ugonjwa. Hilo halionekani siku ile. Huonekana wiki kadhaa baadaye, ng'ombe wa tatu anapokuwa na ufizi mweupe na kinyesi kikavu, na lawama zote anabebeshwa kupe.

Kioo nacho hukosea. Siku za mwanzo vimelea ni vichache, na msomaji asiyezoea atavipita. Kwa hiyo ng'ombe mwenye homa na tezi zilizovimba atibiwe ndigana kali hata kioo kikitoka safi, na siku ya pili achukuliwe kingine.