Damon & Naomi na Ghost: nani alimpa nani nafasi?

Mwaka 2000 lebo ya Sub Pop ilitoa albamu iliyobeba majina ya pande mbili: Damon & Naomi with Ghost. Damon Krukowski na Naomi Yang ni wenzi kutoka Cambridge, Massachusetts, wanaocheza muziki wa foki na roki kwa upole mkubwa. Ghost ilikuwa bendi ya Tokyo chini ya Masaki Batoh, watu wa roki ya saikedelia waliozoea nyimbo ndefu zinazojitafutia njia zenyewe, mara vyombo laini vya asili, mara magitaa yanayounguruma. Kila nikiirudia albamu hii najiuliza kama ushirikiano huo uliwanufaisha wote, au kuna upande ulioacha mengi mlangoni.

Hofu ya kwanza kabisa inawahusu wale wawili, na ina msingi. Nyimbo zao zinategemea nafasi tupu kati ya maneno. Playback Singers, albamu yao ya 1998, waliirekodi nyumbani, na utamu wake ni ule ukaribu wa watu wawili wasio na haja ya kupaza sauti. Ukiikaribisha bendi ya saikedelia katika muziki wa aina hiyo, unaweza kukipoteza kitu hichohicho kinachowavuta wasikilizaji.

Hilo halikutokea. Kuanzia “The Mirror Phase”, wimbo unaofungua albamu, sauti za Damon na Naomi zinabaki mbele, na gitaa la umeme la Michio Kurihara wa Ghost linasubiri hadi mwimbaji anyamaze. Likiingia, linavuta noti ndefu zenye mtetemo, halijazi kila pengo. Huyu ni mtu mwenye uwezo wa kuufunika wimbo mzima kwa mkono mmoja, na hafanyi hivyo.

Sababu ya kumhitaji mtu wa namna hiyo iko nyuma zaidi. Damon na Naomi walitoka Galaxie 500, bendi ya watu watatu iliyoanza 1987 na kutoa albamu 3 kabla ya kuvunjika 1991, pale Dean Wareham, mwimbaji na mpiga gitaa, alipoondoka. Waliobaki walikuwa mpiga dramu na mpiga besi, yaani msingi wa nyumba bila paa. Walijifunza kuandika na kuimba wenyewe, na walifanya vizuri, ila nafasi ya gitaa linalojibu sauti ya mwimbaji ilibaki wazi miaka yote hiyo. Ndiyo maana siamini wanaosema Ghost waliletwa kuongeza rangi tu. Kurihara alichukua nafasi iliyokuwa ikisubiri mtu, tena bila kumwiga Wareham. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mwenyeji alipona kweli.

Mgeni je? Hapa ndipo lawama inapokuwa na uzito. Msikilizaji aliyenunua albamu hii kwa sababu ya jina la Ghost hakuipata Ghost aliyoizoea. Hakuna ile hatari ya bendi inayoanza wimbo bila kujua utaishia wapi. Hata nyimbo za watu wengine zilizochaguliwa, kama “Blue Moon” ya bendi ya Big Star na “Eulogy to Lenny Bruce” ya mtunzi Tim Hardin, ambayo mwimbaji Nico aliiimba 1967, zinatoka upande wa utulivu. Linganisha na Hypnotic Underworld, albamu ya Ghost ya 2004, ambayo wimbo uliobeba jina lake una sehemu 4 na unapita dakika 20. Kikundi kinachofikiri kwa upana huo kilibanwa ndani ya nyimbo za watu wengine, na mimi naona ni hasara. Wimbo mmoja tu ulioachwa ukimbie bila lijamu ungeipa albamu uzito mwingine.

Hata hivyo nikipima yote, mzani unaelemea upande wa faida ya kukutana kwao. Ushahidi hauko katika albamu hiyo peke yake, uko katika kilichofuata. Mwaka 2002 ilitoka albamu ya jukwaani iliyorekodiwa San Sebastián, Hispania, Damon na Naomi wakiwa na Kurihara tu. Akawamo tena katika The Earth Is Blue ya 2005, na hata katika A Sky Record ya 2021, wakati Ghost yenyewe ilikuwa imeshavunjika miaka kadhaa nyuma.

Kwa hiyo lile jina la albamu, kwa maoni yangu, liliahidi jambo moja na kutoa jingine. Bendi mbili hazikuungana kuwa kitu kipya. Wawili wakawa watatu, na mpiga gitaa aliyezoea nyimbo zisizo na mwisho akapata mahali ambapo noti zake chache zinasikika zote.